Uvimbe wa Shingoni

"Umeniletea ng'ombe mkohozi, halafu unasimama hapa…"

"Ng'ombe wangu hakohoi! Hilo ni vumbi la…"

"Vumbi! Vumbi gani linachagua zizi langu tu, shemeji?"

Bujiku na Melania, mjane wa mdogo wake, walikuwa wanapayukiana juu ya ua wa miiba. Katikati alisimama Theonest, msaidizi wa Bwana Mifugo, kashika chuma chake cha kupimia unene wa ngozi, anasubiri wachoke. Hawakuchoka.

Mwaka jana serikali ilitangaza kupima kifua kikuu cha ng'ombe, ikaanza upande wa Bujiku. Anayekutwa nacho, kisu. Bujiku akawahi. Akamswaga Madoa, ng'ombe wake mmoja, hadi kwa Melania, nyuma ya mtaa wa Ngokolo, ambako wapimaji walikuwa hawajafika. "Nitunzie, mama Ignas. Maziwa yako, ndama wangu." Ndiyo desturi ya Wasukuma, nani akatae? Wapimaji wakakuta zizi la Bujiku safi kama msikiti. Madoa akalala mwaka mzima na ng'ombe wa Melania.

Jumatatu Theonest aliwachoma wote sindano shingoni. Leo Alhamisi kaja kusoma majibu: aliyevimba pale alipochomwa, anao ugonjwa. Madoa kavimba kama yai la kanga. Wa Melania nao wamevimba, kabaki mtamba mmoja tu. Wengine wote wameshapakwa rangi nyekundu ya kuchinjwa.

"Hao ndio mahari ya kumwoza mwanangu Ignas!" Melania alisema. "Kubali ulijua, unipe wako wazima."

"Nijue nini? Nimekunywa maziwa yake miaka yote aliyokuwa kwangu, tena mabichi. Nimekufa? Wanao si wanakunywa? Wamekufa?"

"Hujafa, umeoza tu! Jua lote hili umejifunga shuka shingoni kama bibi harusi. Unamwonea nani aibu?"

Majirani wakaangua kicheko. Theonest naye akashindwa kujizuia.

Bujiku hakucheka. Alimtazama Madoa shingoni, akautazama uvimbe ule muda mrefu, hadi vicheko vikaisha vyenyewe. Akaingia zizini, akapiga magoti pale pale kwenye samadi, akafungua shuka. Chini ya taya alikuwa na tezi kubwa kuliko uvimbe wa Madoa, imeanza kutoa maji.

Melania akashika mdomo.

"Mimi hukunichoma sindano," Bujiku alimwambia Theonest. "Nipimie na hii."