Sarafu Isiyolia

Nyembo aligonga magurudumu ya treni Kamina kwa miaka thelathini na mmoja. Nyundo ndogo na sikio, basi. Gurudumu zima huimba, lililopasuka hukohoa. Lililo zima alilichora duara kwa chaki, likaruhusiwa kusafiri. Sasa amestaafu, lakini chaki bado anayo mfukoni, na mke wake Léonie amechoka kufua mifuko myeupe.

Jumamosi hiyo Mama Kapinga alifika kutoka Bukama kumposa binti yao, Chancelvie, kwa ajili ya mjukuu wake Dany, aliyefuatana naye. Mbuzi alishafungwa nje. Vitambaa vilishapokelewa. Ndipo bibi akafungua fundo la kitenge chake, akaweka mezani sarafu pana ya fedha, nyeusi kwa uzee. Upande mmoja ulikuwa na ngome ya minara mitatu, upande wa pili tai mwenye vichwa viwili.

"Iko ya Hamburg, kwa Baalemani," Chancelvie alimwambia baba yake, baada ya kutafuta kwenye simu. "Ile muji ilikuwa inajitawala yenyewe, inatengeneza feza yake. Iko na miaka mia ine, tata."

"Inakupita, Nyembo," alisema Léonie. "Kidogo tu."

Nyembo hakucheka. Alifanya anachokijua: akaichukua, akaigonga kwa kijiko. Tk. Haikuimba.

"Iko bongo, ya kudanganya," akasema. "Feza ya kweli inalia. Hii inakohoa sawa mbuzi yenu."

Dany akatazama viatu vyake. Macho ya Chancelvie yakajaa machozi. Mama Kapinga alinyoosha mkono arudishiwe kitu chake, huku mguu ukitafuta ndala chini ya kiti. Akitoka yeye, posa imetoka naye, na kila mtu mle ndani alilijua hilo.

Nyembo alipokuwa anamrudishia, kidole gumba kikapita juu ya kinundu ukingoni, juu kabisa ya minara. Tone la risasi ya kulehemu, lililogandia pale. Gurudumu lililobanwa na breki haliimbi hata likiwa jipya. Aliwacheka vijana wangapi kazini kwa kosa hilohilo?

"Mama, hii risasi iko ya nini?"

"Mama yangu aliivalaka kwa shingo. Baba alimubandikia kapete ya kupitisha kamba. Kapete kalivunjika. Pa kubandika njo palibakia."

"Nikikwangua hapa, italia."

"Weye kwangua, utaniona! Ile risasi njo mama yangu."

"Omba musamaha, muzee," Léonie alisema, "mbuzi isirudie Bukama."

Nyembo akapiga goti. Goti likalia kuliko sarafu.

"Miye njo nilikosa, mama. Breki ilikuwa imefungwa, sikuangalia."

Mama Kapinga hakuelewa habari ya breki, lakini goti alilielewa. Akaziacha ndala, akakaa vizuri.

Nyembo akairudisha sarafu mezani, akatoa chaki, akaizungushia duara. Chancelvie, aliyeijua alama hiyo tangu utotoni, akalia upya huku anacheka.