Bega la Kulia na Ukuta wa Veneranda

Walinipasua bega la kulia mwezi wa tatu mwaka sabini na sita, hospitalini Tabora mjini. Mshono ulikuwa na nyuzi kumi na moja. Nilizihesabu kwa kioo cha mgonjwa mwenzangu. Kano ilichanika nilipoanguka kutoka juu ya pipa, nikimpa fundi nyasi za paa, mwaka ule tulipohamia kijiji cha ujamaa. Tangu hapo mkono ulikuwa unaning'inia tu, hata kitambaa cha kichwa nilifungiwa.

Daktari alishona, nikakaa wiki sita mkono umefungwa shingoni, kisha nikakabidhiwa kwa bwana wa mazoezi, Tobias, kijana mwenye suruali iliyonyooshwa kwa pasi mpaka mtu unaogopa kuigusa. Alinipa kazi mbili. Ya kwanza, kuinama na kuuzungusha mkono taratibu kama ndoo inayoning'inia kisimani. Ya pili, kusimama mbele ya ukuta na kuvitembeza vidole kwenda juu, mara ishirini, asubuhi, mchana na jioni. Akasema bega lililoshonwa lisipotembezwa linaganda, na likishaganda halifunguki kwa kubembelezwa. Nirudi mwisho wa mwezi wa saba, mkono uwe umepita kichwa.

Nami nilikuwa na sababu yangu ya kuutaka mkono huo. Mimi ni mjane, na kijijini niliandikiwa eka moja kwa jina langu, si kwa jina la mwanangu. Masolwa, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuwa ameshatangaza kwamba mwisho wa mwezi wa nane mashamba yatagawiwa upya, na asiyeweza kuinua jembe ataandikwa mtegemezi, apunguziwe eka yake au anyang'anywe yote. Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nilikuwa nauguzwa nyumbani kwa mwanangu Sylvester. Yeye ni dereva wa lori la pamba la Igunga, nyumbani anapita tu, kwa hiyo niliachwa mikononi mwa mkewe, Veneranda. Siwezi kumsema vibaya, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Nikishika mchi, anaupokea. Nikitaka kata ya maji, ameshaichota. Hata ungo wenye karanga kiganja kimoja aliuchukua kutoka mapajani mwangu akisema nipumzike. Kwetu mke wa mwana akiacha mama mkwe afanye kazi huku yeye yupo, jina lake limekwisha.

Sasa ule ukuta. Nyumba ya Veneranda ni ya udongo, na nyuma paa limeshuka mpaka kifuani. Ukuta mrefu ni mmoja tu, unaoelekea barabarani, na nyumba za kijiji zimepangwa mstari, kila mtu anamwona mwenzake. Nikasimama pale na kuanza, kiganja ukutani, juu, chini, juu, chini. Jirani yetu Bernadeta akapita na ndoo kichwani, akanitazama kiganja kikipanda na kushuka.

Kesho yake wakaja wanawake saba na udongo mwekundu na samadi ya ng'ombe. Kabla ya saa nne walikuwa wameusiriba ukuta wote. Niliwaeleza mara mbili kwamba yale yalikuwa mazoezi ya hospitali, kwamba sikuwa nasiriba nyumba ya mtu. Bernadeta alinishika bega, lile lile lenye mshono, akaniambia nisimfichie makosa mke wa mwanangu, wameona kwa macho yao. Veneranda akatoka na uji wa kuwapa. Hakuna aliyepokea.

Siku ya tatu yake Veneranda alikuja akakaa chini karibu na miguu yangu.

"Mama, kisimani wananiita kupe. Wanasema namnyonya mama mwenye kidonda. Fanyia ndani, nakuomba."

Nikakubali. Hilo ni kosa langu, si lake. Ndani kuna dari ya miti ya kuwekea mahindi, na vidole vyangu vikifika usawa wa sikio vinagonga mti, vinarudi. Wiki kumi nilifanya hivyo hivyo, nikijidanganya kwamba nafanya.

Nilipokwenda mjini, Tobias aliweka kipimo chake cha mbao kwapani mwangu, akasoma, akasoma tena. Mkono ulifika sikioni ukakataa. Akaniuliza kama kwetu kuta ni fupi. Nikamweleza yote, mpaka uji. Alicheka, halafu akaacha kucheka.

"Bibi, una mwezi mmoja. Chagua, jina la mke wa mwanao au bega lako."

Nilirudi kwa miguu kwa njia ya zamani ya Kwihara nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Babu yangu alipita njia hiyo hiyo na misafara, pembe ya ndovu begani, mpaka pwani. Mimi kikombe kinanishinda, tena kwa sababu ya adabu.

Asubuhi nikaenda kwenye ghala la kijiji. Ukuta wake ni wa matofali ya kuchoma, na ghala ni la wote, hakuna mke wa mtu wa kulaumiwa. Watu huitwa majina pale kabla ya kwenda kazini, wakanikuta natembeza vidole, jasho linanitoka, nauma meno.

"Bibi Apolinaria, unapima ghala?" Masolwa aliuliza, wakacheka.

Nilimwambia naupanda ukuta wake.

Siku ya nne Bernadeta alisimama kando yangu, akavichungulia vidole vyangu kwa karibu.

"Kumbe hushiki udongo," akasema.

"Nilikwambia."

"Ulisema hospitali. Mimi hospitali naijua ni sindano."

Akaondoka, hakuomba radhi. Lakini jioni nilimwona amekaa kwa Veneranda, anakunywa uji.

Mwisho wa mwezi wa nane tukakusanyika. Kila mwenye shamba aliitwa, akasimama na kuinua jembe. Nilipoitwa nikalishika la kwangu kwa mkono wa kulia. Likapita sikio, likapita kichwa kwa shubiri moja, likaanza kutetemeka.

"Halijanyooka," alisema Masolwa.

"Limepita kichwa. Mimi silimi mawinguni."

Watu wakacheka, yeye akaandika nusu eka. Nilimsikia akimtajia mzee aliyekaa kando yake. Basi sikulishusha. Nilisimama hivyo hivyo, bega linawaka kama lililomwagiwa maji ya moto, namtazama, nahesabu kimoyomoyo. Veneranda aliinuka kuja kunipokea jembe, Bernadeta akamvuta khanga akamkalisha. Nilifika thelathini na moja ndipo Masolwa alipokata alichoandika.

Akaandika robo tatu.

Nimemuuliza mara mbili ile robo nyingine imekatwa kwa kipimo gani. Kesho namuuliza ya tatu.