Malkia Anakula Jua

Nyumba ile ilikuwa na wanawake watatu, na mmoja tu kati yao ndiye aliyeulizwa hali yake kila siku. Huyo alikuwa na magurudumu manne, rangi ya maziwa, na jina la Malkia alilopewa na Baba Pacha siku aliyomleta nyumbani. Wa pili alikuwa mama mzazi wa Baba Pacha, mwenye goti bovu na ulimi mzima. Wa tatu alikuwa Mama Pacha, mke wa ndoa, fundi cherehani, na huyo aliulizwa hali yake kama salio la simu lilibaki.

Baba Pacha alikuwa msimamizi wa ghala katika mji mwingine. Huko alikuwa na gari la kazini, kwa hiyo Malkia alibaki nyumbani, akitembelewa kila mwisho wa mwezi. Mtaani walimwita Mtaalamu. Jina hilo walimpa kwa kumcheka, naye akalipokea kama shahada. Hakuna jambo duniani ambalo Mtaalamu hakuwa na maelezo yake: kwa nini maziwa hufurika, kwa nini paka hujilamba, kwa nini mgongo wa mkewe unamuuma akishona kutwa nzima. Dawa ya mgongo hakuwa nayo, ila maelezo yalikuwa kamili.

Sasa, gari likikaa tu, betri hufa. Mtu wa kawaida angesema basi liwashwe, litembezwe kidogo, lirudishwe. Lakini wa kulitembeza nani? Mama Pacha alikuwa na leseni, aliipata kabla hata ya kuolewa, na kila ilipokwisha muda aliihuisha kimyakimya na kuirudisha mkobani pamoja na sindano za akiba. Mara moja tu mumewe alijitolea kumnoa. Alikaa kando yake akapiga kelele, "Kushoto! Kushoto!" huku mkono wake ukionyesha kulia, na Mama Pacha, kwa utiifu wa ndoa, akaufuata mkono. Malkia akakwaruzana na nguzo ya geti. Mtaalamu aliusikitikia mchubuko ule kuliko alivyosikitika pacha mmoja alipovunjika meno mawili ya mbele.

"Kuanzia leo," alisema, "wewe na cherehani yako, mimi na gari langu."

Ndipo ikaja paneli ya sola. Ilikuwa na ukubwa wa sinia dogo, ikawekwa mbele ya usukani chini ya kioo, na waya wake ukachomekwa kwenye kile kitundu cha kuwashia sigara. Jua likiipiga, taa ndogo ya kijani ilipepesa. Mtaalamu aliitazama taa ile kwa mapenzi ambayo mkewe aliyakumbuka kwa mbali, tangu enzi za uchumba.

"Umeona? Malkia anakula jua," alisema.

Ili Malkia ale vizuri, alitolewa kwenye banda lake la mabati na kuegeshwa juani, ambako rangi yake ilianza kubabuka taratibu kwa faida ya betri. Ili asibabuke sana, alishonewa turubai. Ili turubai lisiizibe paneli, Mama Pacha aliagizwa kukata dirisha kwenye turubai na kulipinda kingo vizuri, zisitoke nyuzi. Akalipinda. Halafu akakabidhiwa ufunguo wa akiba na cheo kipya: kufuta vumbi kwenye paneli kila wiki, kwa kitambaa kikavu, kwa mwendo wa duara.

Kila jioni simu ililia.

"Malkia anakula jua?"

"Anakula."

"Taa inapepesa?"

"Inapepesa, Baba Pacha."

"Usisugue sana. Mama hajambo? Watoto wamepiga kutoka shuleni? Haya, na wewe..." Hapo salio likakatika. Mama Pacha aliapa kwamba salio la mume wake lilikuwa na akili za binadamu.

Goti la mama mkwe, lakini, halikuwa na paneli. Daktari alimwandikia mazoezi kliniki kila wiki, na kliniki ilikuwa upande wa pili wa mji. Mtaalamu alipoulizwa, alisema pikipiki zimejaa tele. Bibi wa watu alijaribu pikipiki mara moja. Aliporudi aliketi kizingitini, akavua kiatu kimoja kilichobaki, akasema hata maiti yake isipandishwe kwenye kitu kile.

Asubuhi moja Mama Pacha alikuwa akifuta vumbi, kwa mwendo wa duara, aliposikia mlango wa nyuma wa gari ukifunguliwa. Mama mkwe aliingia na fimbo yake, akajiweka sawa kwenye kiti, akafunga mkanda.

"Mama, tunakwenda wapi?"

"Kliniki. Au leseni yako uliisomea ya kushonea?"

Mama Pacha alisimama na kitambaa mkononi. Kisha akalivua turubai, akasogeza kiti mbele, akarekebisha kioo, akapiga moyo konde. Geti walilipita bila kuligusa. Nguzo yenyewe huenda ilishangaa.

Ikawa hivyo kila wiki. Bibi alinyoosha goti, akaanza kushuka ngazi bila kutukana. Mama Pacha alipokuwa kwenye usukani, mgongo haukumuuma, na yeye hakuhitaji maelezo ya kwa nini. Alikuwa na furaha, basi. Mafuta aliyajazia mwenyewe, kiti alikirudisha nyuma, turubai alilirudisha, dirisha likakaa pale pale. Namba za kilomita zilizidi kupanda peupe, zikimkodolea macho mwenye gari kila mwisho wa mwezi, lakini mwenye gari alikuwa akitazama taa ya kijani.

Siku moja njiani alichomoa waya wa paneli, akachomeka simu yake ichaji. Ikachaji. Walipofika kliniki akazima gari na kutoa ufunguo, na simu nayo ikaacha kuchaji. Akarudisha ufunguo, ikachaji. Akautoa, ikaacha. Mama Pacha alikaa pale akiitazama paneli. Kumbe ufunguo ukitoka, kitundu kile hufa. Paneli imekaa miezi yote hii ikilishwa jua na kufutwa vumbi, na betri haijapata hata tone. Ile taa ya kijani ilikuwa ikipepesa kwa ajili yake yenyewe.

Alijaribu kusema. Mtaalamu alipokuja mwisho wa mwezi, mezani, akamuuliza kwa upole, "Baba Pacha, hivi kile kitundu si huzimika ukitoa ufunguo?"

Mtaalamu aliweka kijiko chini, akatabasamu kama mwalimu wa chekechea, akaeleza jua. Alianzia jua lenyewe, kule kule juu. Chakula kikapoa. Alipofika kwenye waya, mama yake alikuwa amelala kwenye kiti, na Mama Pacha alikuwa ameshaazimia moyoni kwamba hatalisema tena jambo hilo hadi aulizwe.

Kama Mtaalamu angeishia nyumbani, salama. Lakini sifa ilimpanda kichwani. Ghalani aliwasimulia watu mpaka wakawa wakimwona wanageuza njia. Bosi wake, mtu wa maneno machache, akasema atakuja kuiona paneli hiyo kwa macho yake, na ikiwa kweli, ataweka kama hizo kwenye magari yote ya ghala yanayolala uwanjani, na Mtaalamu ndiye atakayesimamia.

Basi likazaliwa jaribio. Malkia angekaa miezi mitatu bila kuguswa na mkono wa binadamu.

"Ili matokeo yawe safi," alisema Mtaalamu, na akaunyoosha mkono. "Lete ule ufunguo wa akiba."

"Na vumbi?"

"Mvua itafuta."

"Turubai je?"

"Mama Pacha, usibishane na sayansi."

Mama Pacha alimtazama mama mkwe. Mama mkwe alikuwa amefungua kinywa, na Mama Pacha akamkonyeza afunge. Wakisema, Mama Pacha ataambiwa ameiba gari la mumewe mwaka mzima, na ufunguo hautarudi tena katika nyumba ile. Wakinyamaza, labda utarudi. Akautoa mfukoni, akaukabidhi, na roho ikamuuma waziwazi, kwa sababu kwa mwaka mzima kulikuwa na kitu kimoja anachokifanya vizuri ambacho hakuna aliyekitolea maelezo, na sasa kinapotelea kwenye mfuko wa suruali ya mtu.

Miezi ile ilikuwa mirefu. Goti la bibi lilikaza tena. Asubuhi za kliniki aliketi barazani, mkoba mapajani, akilitazama turubai na dirisha lake.

"Nimpigie nimwambie?" aliuliza.

"Bado, mama."

"Goti ni langu, mwanangu, na mkaidi ni wangu. Niruhusu."

"Akiambiwa ataeleza. Mwache aone."

Siku ikafika, nayo kwa makusudi ikawa siku ya kliniki. Mtaalamu alipanga kila kitu: bosi ataona, gari litawaka, kisha mtoto mwema atampeleka mama yake kliniki mbele ya mkubwa wake wa kazi. Alivaa shati jeupe. Mama yake alishatangulia kwenye kiti cha nyuma na mkanda amefunga, bosi, ambaye dereva wake alimshusha akaenda kujaza mafuta, amesimama kando mikono nyuma, Mama Pacha yuko barazani na tepu ya kupimia shingoni.

Mtaalamu alilivua turubai kwa mikono miwili. Taa ya kijani ilikuwa ikipepesa.

"Miezi mitatu, bosi! Hajaguswa! Sikiliza sasa."

Akazungusha ufunguo. Malkia alikohoa mara moja, kikohozi cha mgonjwa asiyetaka kusumbua watu, akanyamaza. Akazungusha tena. Tk. Akazungusha mara ya tatu, na taa za mbele ya usukani zikafifia kama zinaona haya. Ila taa ya kijani haikuona haya hata kidogo, ilipepesa tu.

"Ni joto," alisema Mtaalamu. Kisha akasema, "Ni baridi ya asubuhi." Akaichomoa paneli, akaigeuza chini juu, akaipuliza, jasho likimtoka.

"Betri imekufa," alisema bosi.

"Haijafa kabisa, bosi, imepumzika."

"Tusukume," akasema bosi, akakunja mikono ya shati.

Mtaalamu alirudi kwenye usukani, bosi na Mama Pacha wakasukuma. Malkia alitambaa hadi nje ya geti, akagoma barabarani. Bosi alishika kiuno, akihema.

"Wewe ndiye mwenye misuli. Shuka, tusukume wawili."

"Na usukani ashike nani? Bosi, labda wewe?"

"Mimi naendeshwa tangu ujana wangu. Gia za mkono sizijui."

Kutoka kiti cha nyuma ikasikika sauti.

"Mpe mwenzako."

"Mama, huyu hawezi. Unakumbuka nguzo?"

"Naikumbuka. Hata nguzo inakukumbuka wewe na kelele zako. Shuka, mimi nachelewa kliniki."

Mtaalamu akashuka, paneli bado iko kwapani. Mama Pacha akaivua tepu shingoni, akaketi. Mkono wake ulikwenda wenyewe chini ya kiti, akakivuta mbele. Mkono mwingine ukapanda kwenye kioo. Mtaalamu aliona mikono ile isiyotafuta kitu, akakunja uso, kisha akajitia hamnazo, akainama dirishani.

"Sikiliza kwa makini. Klachi ni ile ya kushoto. Kushoto! Weka gia ya pili, halafu mimi nikisema..."

"Sukuma, Baba Pacha."

Wakasukuma. Shati jeupe likabandika mgongoni. Malkia akashika kasi kidogo, na Mama Pacha akaachia klachi pale pale ilipotakiwa, si mapema wala si kwa kuchelewa. Gari likashtuka, likanguruma.

"Simama! Simama!" Mtaalamu alikimbia akipunga paneli. "Unakwenda wapi?"

"Betri inataka kutembea," Mama Pacha alijibu dirishani bila kupunguza mwendo. "Mwaka mzima tulikuwa tukiitembeza hivi kila wiki. Uliza kilomita."

Kwenye kioo alimwona mumewe amesimama katikati ya barabara, kinywa wazi, taa ya kijani ikipepesa kifuani mwake. Kando yake bosi alikuwa ameinama, na mabega yalikuwa yakimtikisika. Mama mkwe hakugeuka kutazama. Alinyoosha mguu taratibu, akashusha pumzi.

Waliporudi, bosi alikuwa ameshaondoka, na Mtaalamu alikuwa ameketi kizingitini. Mama Pacha hakumweleza chochote. Alimkalisha kwenye kiti cha mbele, akachomeka simu ya mumewe kwenye kitundu, akatoa ufunguo. Simu ikaacha kuchaji. Akaurudisha, ikachaji.

Mtaalamu aliutoa na kuurudisha mwenyewe, mara nyingi, kinywa kikifunguka na kufumba. Maelezo hayakuja.

"Mwaka mzima ilikuwa wewe?" aliuliza mwishowe.

"Na mimi," alisema mama yake.

"Lakini paneli nayo," alisema Mtaalamu kwa sauti ya chini, "lazima ilisaidia kidogo." Malkia akarudishwa bandani, kivulini. Mtaalamu aliondoka kesho yake alfajiri kabla hawajaamka, na juu ya meza Mama Pacha akaukuta ufunguo. Aligeuza chupa ya chai na vikombe akitafuta maelekezo. Hayakuwepo.

Simu haikulia siku ile, wala iliyofuata. Ilikuja kulia asubuhi ya kliniki, wakiwa njiani, bibi akiwa nyuma anatafuna karanga. Akaipokea bibi, akaiweka spika. Mtaalamu hakuuliza jua, wala taa, wala Malkia. Alikohoa.

"Dereva hajambo?"

Mama Pacha alikaza macho barabarani. Neno lile alilisubiri kwa muda mrefu hivi kwamba lilipokuja lilimjia machoni, na yeye hapendi kuendesha akiwa haoni vizuri.

"Dereva hajambo," alisema. "Ila akiwa kwenye usukani huwa haongei na simu. Mwambie, mama, apige baadaye."

Bibi akaikata.