Mchi Kizingitini

Jeneza lilikuwa limekwisha kutoka uani, wanaume wanakwenda mbio mbio, na Amri yuko mbele upande wa kulia, mti umemkaa begani, kabla hajajiuliza kama ataweza. Aliyelala humo ni Shamte, kaka yake wa tumbo moja. Ndugu wa damu asipobeba, watu watasema. Basi akabeba.

"La ilaha illallah," waliitikiana, na Amri akawa anakanyaga pale pale sauti inapoangukia. Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa inamtembeza. Miguu yake, iliyowahi kutoka Rungwa na madebe ya asali ikakata pori siku nenda siku rudi, mwaka wa pili sasa ilikuwa inamgomea. Daktari mmoja mjini alimwambia ni ule ugonjwa wa ubongo unaowatetemesha wazee mikono. Yeye mikono ilitetemeka kidogo tu, ugonjwa ukamkalia miguuni. Atatembea vizuri, halafu akifika mlangoni, au mahali pembamba, au akiitwa ghafla, nyayo zinaganda chini kama zimepigiliwa misumari. Kifua kinataka kwenda, miguu haitaki. Akilazimisha, anakwenda kifudifudi.

Akajifunza kutembea upya, kwa siri. Aligundua shambani kwamba kwenye matuta ya viazi hagandi hata mara moja: mguu ukiona kitu cha kuvuka, unanyanyuka wenyewe. Njiani akawa anahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, moja, mbili. Kona akawa anaizunguka kwa mbali, kama mtu anayegeuza mkokoteni. Mwanawe Abdulhamidi, mwenye duka Utemini mjini, hakuambiwa kitu, maana alikwisha sema: "Baba, nikisikia miguu imekushinda, nakuja kukuchukua siku hiyo hiyo." Na Amri hakuwahi kulala nyuma ya geti la mtu zaidi ya siku tatu.

Aliyeijua siri alikuwa mmoja tu, Mboni, mke wa Shamte. Amri alipokuja kumuuguza kaka yake, aliganda mlangoni kwa mgonjwa, bakuli la uji mkononi. Mboni alimtazama miguu, akaenda jikoni, akaleta mchi wa kinu, akaulaza kizingitini.

"Ruka, shemeji."

Akaruka. Tangu hapo ule mchi haukuondoka mlangoni, na Mboni hakumwambia mtu.

Sasa Abdulhamidi yuko nyuma yake hatua mbili, naye amebeba. Pembeni anakwenda Calist, jirani Mkristo aliyeshinda tangu asubuhi akichimba kaburi, jembe bado begani.

"Mzee Amri," alinong'ona Calist, "mbona unatembea kama unahesabu mbuzi?"

"Hesabu wa kwako," Amri akamjibu. Akapoteza moja, mbili zake.

Mbele yao ikatokea minyaa iliyozunguka makaburi, na mwanya wa kuingilia, mwembamba. Watu wakapunguza mwendo ili wapite. Wa mbele wakanyamaza. Sauti ikakatika.

Miguu ya Amri ikaganda.

Waliobeba nyuma wakasukuma, jeneza likayumba, watu wakapiga kelele. Wakasukuma tena. Halikwenda.

"Limekuwa zito," alisema mmoja.

"Si zito. Limegoma." Huyo alikuwa Ntandu, binamu yao, ambaye tangu Shamte amwoe Mboni hakuwahi kumwita mwanamke huyo kwa jina. "Marehemu hataki kuingia. Ana neno lake. Nani alikuwa anampikia siku za mwisho?"

Watu wakatazamana. Jina halikutajwa, ila wote walilisikia.

"Tumgeuze," akasema Ntandu. "Akaulizwe yule mwanamke kwanza, mbele ya maiti."

Jasho likamwingia Amri machoni. Alijua akinyamaza kidogo tu, miguu itaachia yenyewe, kama kawaida yake, na hakuna atakayejua. Lakini jeneza likirudi uani kwa Mboni, hata likizikwa baadaye, neno halitazikwa. Mwanamke atatoka nyumba ile na nguo alizovaa. Na nyuma hapo akasikia Abdulhamidi anavyohema.

"Shamte hajagoma," akasema. "Ni mimi. Miguu yangu ni mibovu."

"Usimtetee, Amri."

"Nina maradhi, Ntandu! Mwaka wa pili. Nikifika penye mwanya naganda. Mboni anajua, alikuwa ananiwekea mchi mlangoni."

"Unaona?" Ntandu akawageukia watu. "Na yeye amewekewa kitu mlangoni."

Minong'ono ikapanda. Amri akaona amezidi kumchimbia shemeji yake.

"Calist! Laza jembe hapo. Mbele ya mguu wangu. Mpini ukate njia."

Calist akalaza. Umati mzima ukainama kutazama nyayo mbili za mzee, nazo zikakazana kuganda zaidi, maana kutazamwa ndiko kunakozifunga. Akaegemea kushoto, akaegemea kulia, alivyojifunza mwenyewe. Hakuna. Goti likaanza kumcheza na jeneza likacheza nalo.

"Imbeni," akasema. "Jamani, imbeni."

Kisha nyuma yake sauti moja ikaanza, imekwaruza, ya mtu anayezuia kilio. "La ilaha illallah." Ilikuwa ya Abdulhamidi. Mara ya pili wakaitika watatu, mara ya tatu wengi.

Mguu wa kulia ukanyanyuka, ukavuka mpini. Wa kushoto ukafuata. Jeneza likapita kwenye mwanya, jepesi kama lilivyotoka nyumbani.

Shamte alizikwa kabla ya alasiri. Mboni alikaa eda kwenye nyumba ile na bado anaishi humo, anafuga kuku. Ntandu alikula chakula cha arobaini, akaondoka bila kuaga. Calist alihamia Sekenke kwa binti yake. Abdulhamidi alimchukua baba yake siku ya nne. Alimpigia mistari ya rangi nyeupe sakafuni, hatua kwa hatua, kutoka kitandani mpaka chooni na kutoka mlangoni mpaka getini. Geti lina kufuli. Amri alitembea juu ya mistari hiyo asubuhi na jioni kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa, kisha akavunjika nyonga bafuni. Rungwa hakurudi.