Rauta Isiyo na Utepe

Usiku wa jana niliota, na wewe mtunza funguo ulikuwemo, kwa hiyo usijifanye hujui. Ulisimama mlangoni mwa chumba cha mitambo cha hospitali yetu, ufunguo mkononi, umegeuza uso. Ulikuwa unasoma tangazo la kunawa mikono. Umeshalisoma mara mia. Mikono yako ilikuwa mikavu.

Ndani, rauta kuu imelazwa kitandani, imefunikwa shuka la wodini hadi kwenye taa zake. Ndiyo inayopitisha kila kitu hapa: picha za mionzi, majibu ya maabara, maombi ya dawa. Inanitazama.

"Fundi Ambokile, huu mwezi gani?"

"Septemba."

"Unanitania. Ni Machi, mwaka juzi."

Nikaelewa. Umeme ulikuwa umekatika, ukarudi kwa kishindo, na rauta ikapoteza mipangilio yake yote. Ikarudishiwa nakala ya mwisho tuliyokuwa nayo, na nakala hiyo ni ya Machi, mwaka juzi. Naikumbuka siku hiyo hadi shati nililovaa. Wodi mpya ya wazazi niliiunga kwenye rauta Juni iliyofuata, baada ya nakala hiyo.

Nachungulia dirishani. Wodi ya wazazi haipo. Pana majani. Vitanda vimepangwa safu juu ya majani, na kina mama wamevikalia kimya, kama watu walioambiwa wasubiri.

Karatasi inaingia kwa miguu.

"Shikamoo, fundi. Mimi ni majibu ya damu ya Bi Tabu. Natafuta wodi ya wazazi."

"Si hapo nje?"

"Hapo nje pana majani. Rauta imesema haijui njia ya kwenda majanini." Ikajikung'uta vumbi. "Mimi sina haraka. Ila Bi Tabu anavuja damu, na hawajui wamwongeze ya kundi gani."

Nikapiga kelele kumwita Injinia Kyando, mkuu wetu. Akaja akiburuta droo ya meza yake kwa kamba, kama mtu aliyetoka na mbuzi. Ndani ya droo, flashi anazohifadhia nakala zinapigana.

"Mimi ndiyo nakala ya mwisho!"

"Kaa chini! Mimi ndiyo ya mwisho kabisa!"

"Wote waongo! Mimi ndiyo ya mwisho kabisa, hii hapa, ya ukweli!"

"Injinia, ipi ya kweli?"

"Tutaangalia Ijumaa."

Ijumaa ikaingia, ikaketi, ikatazama saa yake, ikaondoka.

"Injinia," nikasema, "mwezi wa kumi na moja huu tangu nikuletee programu niliyojifundisha mwenyewe kuiandika. Kila saa inapita kwa kila rauta, inauliza kimebadilika nini, inahifadhi toleo jipya kwenye ghala lililo jengo jingine, na la zamani halifutwi. Ulisema isubiri kikao. Ulikuwa unakula karanga. Ulinipa tatu."

"Nne," akasema Injinia.

"Tatu! Basi andikeni, mipangilio yote ninayo kichwani!"

Rauta ikajifunika shuka. "Kichwa chako hakina utepe."

Hapo akaingia Sista Atuganile, mkunga, kutoka majanini, sinia la tepe za majina ya watoto wachanga mkononi. Hana viatu.

"Huyu amezaliwa mara ngapi?" akauliza, akiinyooshea rauta kidole.

"Kila mtu akinigusa nazaliwa upya," ikajibu rauta. "Mara mia tatu na kitu."

"Na tepe zake?"

Injinia akaisukuma droo nyuma yake.

Sista akaweka sinia chini taratibu. "Kwetu mtoto halazwi bila utepe. Jina la mama, saa, nani alimpokea. Mama akisema 'wangu namjua,' ndiyo tunafunga haraka zaidi. Nyie mna mia tatu, hamjui yupi ni yupi?"

"Tunawajua kwa sura," akasema Injinia.

Nikakimbilia nje. Programu yangu ilikuwa kwenye benchi la wagonjwa, imeshika namba moja ya foleni. Miezi kumi na moja. Ilikuwa imeota utando wa buibui begani. Ikaingia, ikachukua utepe na kalamu.

"Nisichokabidhiwa siwezi kukirudisha," ikasema. "Juni ya rauta hii sikuwepo. Nani alikuwepo?"

"Mimi."

"Sema."

Nikasema mstari kwa mstari, huku dirishani kitanda kimoja kikizidi kuwa chekundu. Programu ikanisomea: "Imeongezwa: njia ya wodi ya wazazi. Sababu?"

"Andika 'mabadiliko,'" akasema Injinia.

"Hiyo si sababu. Bila sababu sifungi."

"Bi Tabu anavuja damu!" nikapiga yowe.

Ikaandika. Utepe ikanifunga mimi, kwa kuwa toleo lilitoka kwangu. Nje, wodi ikaanza kurudi, ukuta, bati, dirisha. Karatasi ya majibu ikakimbia. Ikashika kitasa.

Nikaamka.

Asubuhi, nikinawa uso, kitu kikanikwaruza shavu. Utepe. Uko mkononi mwangu, haufunguki, na mwandiko si wangu: *Sababu: Bi Tabu anavuja damu.*

Nikampigia Sista Atuganile. Nikamuuliza kama wana mgonjwa anaitwa hivyo.

"Bi Tabu? Yupo, mzima, tumemlaza jana. Upasuaji wake Ijumaa. Wewe umemjulia wapi?"

Leo Jumatano. Rauta bado nzima. Nakala ya mwisho bado ni ya Machi, mwaka juzi, na ufunguo wa chumba cha mitambo unao wewe. Achana na hilo tangazo. Inuka, fungua mlango, washa ile programu. Sasa hivi. Mimi nimekaa kwenye benchi hapa nje, na Ijumaa nimeshaiona inavyoondoka.