Kareta Havuliwi Kinyago

Mji wetu kwenye ghuba ya Bahia una sheria moja ya Kanivali, na haikutungwa na mbunge yeyote: kareta havuliwi kinyago. Kareta ni mchezaji wa Kanivali anayeficha sura: anajifunika kitambaa cha maua kuanzia utosini hadi miguuni, na glavu mikononi, hujui kama ni mwanamume au mwanamke. Anakujia katikati ya ngoma na tarumbeta, anabana sauti kama kifaranga: "Unanijua?" Wewe unabahatisha. Ukilipatia jina lake, anacheza nawe. Ukimkosa, anakucheka na kwenda zake na siri yake.

Rosivânia, binti wa jirani yangu Zulmira, aliishi kwa sheria hiyo. Mumewe Genivaldo, mwenye bucha pale sokoni, alimvunja taya. Alipokwenda kushtaki, askari wa zamu walimwambia arudi akampikie mume, hasira zitapoa. Basi akatoroka, akamwachia mama yake mtoto, Taynara. Kila Kanivali alirudi akiwa kareta, akacheza na mwanawe mchana kutwa, akatoweka tena. Mimi nilijua kwa sababu ndiye niliyemshonea vazi. Zulmira alijua kwa sababu ni mama. Mtoto hakuambiwa kitu, maana kila Jumapili Genivaldo alikuja na soseji mkononi na swali lile lile: mama yako yuko wapi? Mtafutaji hachoki.

Mwaka huu polisi wakaleta kamera za kutambua sura, wakazifunga kwenye lango la uwanja. Luteni Adailton, kijana mpole aliyehamia kutoka jiji kubwa, alitangaza kwa kipaza sauti: "Ndugu zangu, inueni kinyago mbele ya kamera, kishusheni, piteni. Asiye na kosa anaogopa nini?"

"Anaogopa sura yako!" alipiga kelele mlevi mmoja. Watu wakacheka sana, halafu wakajipanga foleni kama kondoo. Wajukuu wa watu waliotunza sheria ile hata wakati wa utawala wa wanajeshi! Nilitamani kuwatandika.

"Rudi nyumbani, mwanangu," nilimnong'oneza Rosivânia.

"Shangazi Iracema, kwani nimeua? Wanatafuta majambazi hao." Akainua kinyago. Taa ya kijani ikawaka, akapita akirukaruka.

Kumbe Genivaldo alikuwa ameripoti polisi kwamba mkewe amepotea, akawapa na picha ya harusi. Ndani ya gari la polisi mashine ikaita. Luteni, kwa furaha ya mtu aliyetenda wema, akampigia simu yeye mwenyewe: "Bwana Genivaldo, habari njema! Mkeo ni mzima. Yuko hapa uwanjani, kavaa njano yenye maua mekundu."

Genivaldo akavaa vazi jeusi na kinyago, akapanga foleni, akakiinua. Kijani. Hakuwa na kosa lolote kwenye mashine. Taya la mkewe halikuandikwa popote. Kisu hawakukiuliza, kwani ndiye aliyekuwa akiwakatia nyama wachoma mishikaki wa uwanja mzima.

Rosivânia alikuwa amembeba Taynara, wanazunguka, mtoto kalegea kwa kicheko. Kareta mweusi akasimama mbele yao.

"Unanijua?" alisema kwa sauti ya kifaranga.

Rosivânia akatikisa kichwa kwa mzaha. Taynara ndiye aliyetazama mwendo.

"Mimi namjua! Ni baba! Baba wa soseji!"

Watu wakapiga makofi, kapatia mtoto, wakatanua duara ili wacheze. Rosivânia alimshusha mwanawe, akamsukuma kwangu. Zaidi ya hapo hakuwa na nafasi ya kufanya lolote. Tulimwona kareta mweusi akimkumbatia. Tulimwona wa njano akipiga magoti, na makofi yakazidi, maana makareta hujiangusha hivyo kila siku. Nayachukia makofi yale mpaka leo. Tarumbeta zilinyamaza tu pale damu ilipofika kwenye viatu vya wapigaji.

Genivaldo hakukimbia. Alivua kinyago mwenyewe, akakaa chini akisubiri pingu.

Luteni alikuja msibani, kofia mkononi. Alikuwa amelia, siwezi kumsingizia. Alitueleza yote, hata ile simu, kisha akasimama mbele ya Zulmira.

"Mama, nilidhani nawaunganisha. Mashine yenyewe haikukosea. Ilimtambua mara moja."

Zulmira alikuwa akimsuka Taynara. Hakuinua macho.

"Mimi nilimzaa," alisema. "Kila mwaka alinijia akaniuliza kama namjua. Na kila mwaka, mwanangu, nilimwambia simjui."