Pua ya Delmar na Barakoa ya Usingizi

Kwa miaka mingi Delmar Zastrow aliishi kwa pua yake. Alizunguka mashamba ya ng'ombe ya kaskazini mwa Wisconsin na lori la tangi, akikusanya maziwa na kuyapeleka kiwanda cha jibini. Kazi hiyo ina sharti lake: kabla dereva hajaunganisha mpira wa kuvutia maziwa, hufunua tangi la mkulima, akainamisha kichwa, akanusa. Maziwa yakiwa mazima huyavuta. Yakiwa na walakini huyaacha palepale, mkulima anune asinune, maana tangi moja bovu likishaingia kwenye lori huharibu maziwa ya mashamba yote. Delmar alijua kwa pua tu ng'ombe waliokula vitunguu pori, na mkulima aliyeosha tangi kwa kulipua ili awahi mechi ya Jumapili.

Mwenye pua kama hiyo hapati raha duniani. Delmar alichefuliwa na marashi ya akina mama kanisani, na mafuta ya kukaangia samaki wa Ijumaa pale baa, yaliyorudiwa mpaka yakawa meusi. Lakini kuliko vyote alichefuliwa na shemeji yake, Rollie Pesek. Huyu alikuwa mdogo wake Arlys, mke wa Delmar. Alifukuzwa kiwanda cha mboga za makopo kwa kusinzia huku njegere zikimpita, akaja kukaa chumba cha chini cha nyumba yao "kwa wiki chache", na wiki chache hizo zikaota mvi. Rollie alitafuna tumbaku yenye mnanaa na kutemea kwenye makopo ya soda, kisha akayaacha makopo kwenye ngazi. Alilala kwenye kochi mchana kutwa. Alilala mezani, uma mkononi. Delmar hakuwahi kuona uvivu uliokamilika namna ile, na alilisema hilo kila walipokula.

Kisha usingizi ukamgeuka Delmar mwenyewe. Arlys ndiye aliyeanza kulalamika: mumewe anakoroma, halafu ananyamaza ghafla kama aliyekabwa, halafu anashtuka akihema. Akahamia chumba cha cherehani na mto wake. Delmar akabaki na usingizi wa mang'amung'amu, akiamka macho yanawasha kama yametiwa pilipili. Daktari anayepima madereva alimwambia koo lake linajifunga akilala, na kwamba asipovaa mashine ya kusukuma hewa kila usiku, hatampa cheti cha kuendesha. Mashine yenyewe ingepeleka habari zake kliniki kila asubuhi, bila kumwomba ruhusa. Majira ya baridi yakiisha wangezitazama saa zake za kulala. Zikitosha, angeendelea na njia yake ya maziwa. Zikipungua, funguo zingekwenda kwa mtu mwingine, na Delmar bila ile njia hakujua angekuwa nani.

Akaiwasha mashine usiku wa kwanza, akaivaa barakoa yake inayoleta hewa usoni. Ilinuka mpira mpya, kisha ikaanza kunuka pumzi yake mwenyewe, pumzi ya mzee aliyekula soseji na kitunguu, ikimrudia puani bila kikomo. Mate yalimtoka yakakusanyika kidevuni. Mpira wake mrefu wa hewa ulimkaa shingoni kama utumbo wa ng'ombe. Hakumaliza hata saa moja. Aliivua akaitupa sakafuni, akasonya.

Tangu hapo watu wakamshauri mpaka akakinai ushauri. Nesi wa kliniki, binti wa Kihmong, watu waliohamia kutoka Asia, aitwaye Pa Houa Thao, alimwambia azime televisheni mapema, aache kahawa baada ya chakula cha mchana, chumba kiwe baridi na giza, na barakoa aioshe kwa sabuni kila asubuhi na kuizoea mchana akiwa ameketi tu. Delmar aliitikia kwa kichwa na hakufanya hata moja. Badala yake alinunua. Alinunua maji ya cheri chachu, yakamkwangua tumbo. Alikunywa chai ya mzizi fulani iliyonuka soksi. Alijipaka dawa ya misuli kifuani, akapulizia mto mafuta ya maua, akalala juu ya blanketi zito lililomfanya atoke jasho. Maziwa ya moto hakuyagusa. Mtu aliyenusa maziwa maisha yake yote hawezi kuyanywa. Chumba kikawa na harufu ya duka la dawa lililofurika maji, na usingizi haukuja.

Ndipo ukamjia ujanja. Alishuka ngazi, akayaruka makopo, akamkuta Rollie kwenye kochi.

"Shemeji, wewe si unajua kulala?"

"Hicho tu ndicho ninachokijua," Rollie akasema, jicho moja limefumbwa.

"Basi lala na hii usoni. Kila usiku. Mimi nitakununulia tumbaku yako hiyo chafu."

Rollie aliigeuzageuza barakoa, akaivaa, akajilaza. Kabla Delmar hajamaliza kupanda ngazi, alikuwa amekwisha lala fofofo.

Arlys alipojua, aliweka sahani mezani kwa nguvu. Alisema ameolewa na mtu mzima anayeibia mtihani kama mtoto wa shule, tena anamwibia nesi wa watu ambaye hana kosa. Delmar akajibu kwamba mashine inahesabu pumzi, haijali pumzi za nani. Arlys akamwambia siku pumzi zake zitakapokata, asije kumwita.

Kliniki ilifurahi. Nesi Thao alimpigia simu kumpongeza: saa zimejaa, pumzi zimetulia, wagonjwa wote wangekuwa kama Delmar, nesi angekuwa na kazi rahisi. Delmar alishukuru huku akipiga miayo, akaufunika mdomo wa simu kwa kiganja.

Jambo ambalo hakulitarajia lilitokea kule chumba cha chini. Asubuhi moja alikuta makopo ya ngazini yametoweka. Siku nyingine Rollie alikuwa amenyoa ndevu, akaonekana ana shavu na kidevu kama watu. Baada ya muda akawa anaamka kabla ya jua, anakoleza moto, anapika chapati za maji na kupiga mluzi. Alisafisha theluji mlangoni bila kutumwa. Aliwaambia mezani, kwa mshangao wa mtoto, kwamba hakujua watu huamka hivi, kichwa chepesi, miguu inataka kwenda. Alidhani kila mtu huishi na ukungu machoni, ila wenzake wanajikaza zaidi.

Arlys alimtazama mdogo wake, machozi yakimlengalenga. "Kumbe hukuwa mvivu," akasema. "Ulikuwa mgonjwa, na sisi tunakutukana."

Delmar aliisukuma sahani yake mbali. Uchangamfu ule ulimtia kinyaa kuliko makopo ya mate. Yeye ndiye aliyeumwa, yeye ndiye aliyeandikiwa mashine, na nafuu imekwenda kwa gogo lile la kochini. Alimwambia Rollie apunguze mluzi, watu wana vichwa. Hakusema arudishiwe barakoa. Angeirudishaje, nayo imeshakaa kwenye mdomo ule? Kufikiria tu kulimsisimua mwili.

Siku ya balaa ilikuwa ya ukungu, theluji ikianza kuyeyuka. Delmar alifika kwa Joanie Sukup, mjane aliyefuga ng'ombe wachache na kuwajua kwa majina. Usiku umeme wa banda lake ulikuwa umekatika na tangi halikupoa, naye hakuwa na habari. Delmar alifunua kifuniko. Aliinama kama alivyoinama kila siku, na kwa kitambo kidogo alisinzia hapohapo, kichwa ndani ya tangi. Aliposhtuka alijiambia ameshanusa. Kipimajoto alikitazama lakini hakukiona. Akaunganisha mpira, akayavuta maziwa yale vuguvugu juu ya maziwa ya watu wengine wote, akaenda zake.

Kiwandani walifungua lori na mpimaji akarudi nyuma mkono puani. Watu wa kushusha wakaja kutazama. Walimwuliza Delmar kama ana mafua. Hakuwa na mafua. Aliambiwa apande juu anuse mwenyewe, akapanda, akainama, na safari hii harufu ilimfika, chungu na nzito, kama matapishi ya mtoto kwenye zulia. Akatapika ubavuni mwa lori, mbele ya vijana aliokuwa akiwafundisha kunusa. Lori zima likaamriwa kumwagwa kwenye shimo la samadi. Alilipeleka mwenyewe, akasimama kutazama jasho la mashamba yote ya njia yake likichanganyika na kinyesi, likiwemo la Joanie, aliyempigia simu jioni kumwomba radhi, eti kosa ni lake. Hilo la kuombwa radhi lilimchoma zaidi ya yote.

Mwenye malori, mwajiri wake, akamtoa barabarani. Delmar alikwenda kliniki siku iliyofuata bila kuitwa. Nesi Thao alikuwa na tarakimu zake nzuri mbele yake kwenye kompyuta, anatabasamu.

"Hizo si zangu," Delmar akasema. "Za shemeji yangu."

Tabasamu likaondoka. Aliigeuza kompyuta isimtazame mzee.

"Bwana Zastrow, lori lako linapita mbele ya shule ya mwanangu."

Hakumgombeza zaidi ya hapo. Alimwambia yote yanaanza upya, tangu usiku wa kwanza, na Rollie aje apimwe kwa jina lake mwenyewe.

Rollie alipimwa, akapewa mashine yake. Leseni ya malori alikuwa nayo ya zamani, aliyoshindwa kuitumia kwa kusinzia, na kabla theluji haijaisha mashimoni, mwenye malori akampa njia ya Delmar kwa muda. Siku alipokabidhiwa funguo alipanda ngazi na barakoa ya Delmar mkononi, ameifunga kwenye taulo safi.

"Nimeiosha, shemeji. Mara tatu."

Delmar alipokea. Ilinuka mnanaa na tumbaku bado, harufu iliyokwisha kuingia ndani ya mpira. Aliiweka mezani akaizunguka siku nzima kama paka anayezunguka chura. Akafanya kwanza aliyoambiwa zamani na kuyadharau: akamwaga kahawa ya alasiri, akaitoa televisheni chumbani, akafungua dirisha baridi iingie. Akaketi kwenye kiti na barakoa usoni mchana kweupe, akipumua mnanaa wa Rollie, akimlaani Rollie na ukoo wote wa Pesek ukiondoa Arlys. Alipoizoea kidogo, akaenda kulala nayo. Aliivua. Akaivaa tena. Usiku wa pili ilikuwa hivyohivyo, na wa tatu, mpaka usiku mmoja hakukumbuka kuivua.

Aliamka jua limeshapanda ukutani. Mashine ilikuwa bado inapuliza. Alilala pale akisikia ndege na gari la mbali, akashangaa kwamba kichwa hakimgongi. Kisha akaivua barakoa, akavuta pumzi, na pua yake, pua ile ya zamani, ikarudi yote kwa mkupuo.

Kitu cha kwanza alichonusa kilimfanya akae kitako. Alidhani ni Rollie. Akatazama mlangoni, hakuna mtu. Akainusa shuka, akainusa foronya, ikiwa na duara la kahawia la jasho na mafuta ya maua yaliyochacha. Akainusa fulana yake mwenyewe. Koti la kazi lilining'inia nyuma ya mlango likiwa na matone yaliyokauka ya maziwa yale. Uvundo wote ulikuwa wake.

Arlys alipita akiwa na kikapu cha nguo.

"Ilikuwa inanuka hivi tangu lini?" Delmar akauliza.

"Unadhani nilihama kwa sababu ya mkoromo peke yake?"

Delmar alitandua shuka, akavua foronya, akazibeba mwenyewe kwenda kuzifua, koti juu yake, uso ameugeuza pembeni. Kisha akaosha barakoa kwenye sinki kwa maji ya vuguvugu, kila kona, akaitundika kwenye kiti ikauke.

Jioni Rollie alirudi na chupa ndogo mkononi, amekunja uso. Alisema kuna tangi moja leo aliliacha, mkulima amemtukana mpaka basi, na sasa hajui kama alimwonea. Akaomba shemeji anuse.

Delmar alifungua chupa, akapitisha chini ya pua mara moja tu.

"Vitunguu pori. Amewafungulia ng'ombe bonde la chini mapema. Ulifanya vyema." Ilimuuma kulisema, akalisema.

Rollie alipumua kwa nguvu. Akasimama mlangoni akizungusha funguo kidoleni.

"Kesho natoka alfajiri. Mwenye malori amekubali ukae kiti cha pembeni. Unuse wewe, mimi niendeshe. Nikuamshe?"

Delmar aliitazama barakoa kwenye kiti, imekauka, haina harufu ya mtu. Kiti cha pembeni, kwenye lori aliloliendesha miaka yote. Angekifikiria wiki ijayo, au ile nyingine.

"Thubutu," akasema. "Alfajiri nitakuwa nimelala."